Kazi Ipi Tuichague? Somo juu ya Mshahara na Jamaa

Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza Amri za Mungu. Amri ya tatu yatuagiza kuitakasa siku ya Bwana. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na tena yawafunga wazazi wawalee watoto wao. Amri ya saba yatukataza kuiba, na pia yatufundisha haki katika kazi na malipo. Leo tutazishika amri hizi tatu kwa pamoja, maana liko jambo moja linalozigusa zote, nalo linabisha hodi katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, hata na vijijini mwetu. Mtu ana kazi ndogo karibu na nyumba yake, kazi ya nusu siku; kisha anaitwa kwenye kazi nyingine yenye mshahara mkubwa na mahangaiko makubwa. Afanyeje?

Wengine hujibu upesi: “Fuata fedha, mengine yatajipanga yenyewe.” Wengine nao hujibu: “Mkristu mwema huidharau fedha.” Majibu haya mawili ni mepesi mno, wala hayatoki katika mafundisho ya Kanisa. Basi sikilizeni kwa makini, mkawafundishe na wale waliobaki nyumbani.

I. KAZI NI NJEMA

Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Angalieni vema: jambo hilo lilitangulia dhambi. Kwa hiyo kazi yenyewe si adhabu. Dhambi ilileta jasho, uchovu na miiba. Lakini kazi ilikuwapo tangu siku za furaha.

Bwana wetu Yezu Kristu alipotaka kukaa kati yetu hakuchagua nyumba ya mfalme. Alichagua nyumba ya seremala. Miaka mingi ya maisha yake hapa duniani aliikalia Nazareti, akiwatii Maria na Yozefu na kufanya kazi ya mikono. Ndiyo sababu mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi, ili kila mwenye jembe, msumeno, sindano au chaki ajue kwamba anaye mwombezi mbinguni.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi imewekwa kwa ajili ya mtu. Mtu hakuumbwa awe chombo cha kazi. Shikeni neno hilo, maana ndilo mzizi wa somo letu lote. Jembe ni la mkulima, wala mkulima si wa jembe.

II. MSHAHARA NI HAKI

Mtu asiseme kwamba kutafuta mshahara ni tamaa. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 5, ana maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake. Amhesabu kuwa ameikana imani. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa sala ya babaye peke yake.

Kanisa limelisimamia jambo hili kwa muda mrefu. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika juu ya hali ya wafanyakazi, akafundisha kwamba mshahara wa haki sharti umtoshe mtu kuishi. Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius XI akaeleza wazi zaidi kwamba mshahara wa baba umtunze yeye pamoja na jamaa yake. Tena, tarehe 7 Desemba 1965, Maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitangaza kwamba mfanyakazi ana haki ya kupata mapumziko ya kutosha, apate kukaa na watu wa nyumbani mwake na kumwabudu Mungu.

Mwaona basi kwamba Kanisa ladai mambo mawili kwa mfanyakazi mmoja: malipo ya kutosha, na nafasi ya kuwa baba au mama. Mwajiri atoaye fedha nyingi na kumnyang’anya mtu nyumba yake ametimiza nusu tu ya haki. Naye ampaye mtu nafasi lakini hampi chakula ametimiza nusu nyingine.

Wazee wetu walilijua fumbo hili zamani. Mji wa Butembo ulikua karibu na kambi ya Minière des Grands Lacs, kampuni ya madini ya nyakati za utawala wa Kibelgiji. Vijana walishuka kutoka milimani wakafuata mshahara, na mashamba yakabaki mikononi mwa akina mama. Leo wengine huenda Mangurujipa kutafuta dhahabu, wengine huendesha pikipiki usiku na mchana, wengine hufuata malori ya Kasindi, wengine hutafuta nafasi katika mashirika ya misaada. Kazi zimebadilika, lakini swali ni lile lile: ni nani aliyebaki na watoto?

III. MUSA NA BABA MKWE WAKE

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa amewatoa Waisraeli katika utumwa wa Misri. Mkewe na wanawe wawili hawako pamoja naye. Alikuwa amewarudisha kwa baba yake mke, Yetro. Sasa Yetro anakuja jangwani, naye anamletea mkwewe mke wake na watoto wake. Musa anatoka kumlaki mzee huyo, anainama mbele yake kwa heshima, na wanaulizana habari kama ilivyo desturi ya wakwe.

Kesho yake Yetro anamwona Musa ameketi kuwaamua watu, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Mzee hakunyamaza. Alimwonya Musa kwamba jambo analolifanya si jema, kwa maana atajichosha yeye na kuwachosha watu. Mzigo ule wamshinda mtu mmoja. Akampa shauri la kuchagua watu waaminifu wa kumsaidia: mashauri madogo wayaamue wao, na yaliyo magumu wamletee yeye. Musa akamsikiliza baba mkwe wake.

Wakatekumeni wapenzi, tuyatafakari mambo matatu hapa.

Kwanza: kazi ya Musa ilikuwa kazi ya Mungu mwenyewe, lakini hata kazi hiyo iliweza kumlemea mtu kupita kiasi. Basi mtu asijifiche nyuma ya neno hili, “Kazi yangu ni njema,” asipojali kwamba inamla yeye na watu wake.

Pili: Yetro hakumwambia Musa aache kazi. Alimwonyesha jinsi ya kuigawa. Mara nyingi sisi huona njia mbili tu, kukubali yote au kukataa yote, kumbe iko na ya tatu: kuipunguza kazi, kuipangia mipaka, kuomba msaada.

Tatu: mwenye kuchoka hakujiona, aliyemwona ni mzee wa jamaa. Kwa hiyo msikate shauri la kazi peke yenu. Yuko mkwe, yuko baba mdogo, yuko shangazi, yuko katekista, awaonaye toka nje.

IV. MFANO WA NYUMBA MBILI

Tuje sasa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilijulikana kwanza huko Mangina, ikaenea Beni, Butembo, Katwa na penginepo, ikafika Ituri na Kivu ya Kusini. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameupata ugonjwa huo, na kati yao 2,287 walikufa. Hakuna parokia kati ya Beni na Butembo isiyokumbuka siku zile, tulipoacha kupeana mikono hata kanisani.

Kazi ya kupambana na ugonjwa huo, ambayo watu wote waliiita Riposte, ilihitaji mikono mingi: wauguzi, madereva, wenye kunyunyizia dawa, wenye kuzika, wenye kupita nyumba kwa nyumba kuwaangalia waliokaribiana na wagonjwa. Malipo yake yalizidi yale ya kazi nyingi za kwetu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya hofu. Magari yalipigwa mawe. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu mjini Butembo.

Katika siku zile swali la leo liliingia katika nyumba nyingi. Tuweke mifano miwili, ambayo tumeiunda kwa ajili ya mafundisho.

Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu wa shule ya msingi mlimani. Yeye hufundisha asubuhi hadi adhuhuri, kisha hushika jembe pamoja na mkewe. Anaitwa katika Riposte, kwa mshahara unaopita ule wa shule mara kadhaa. Jioni wanazungumza.

“Mama watoto,” asema mume, “deni letu la hospitali lingelipwa kwa miezi miwili. Hata bati za nyumba tungezipata.”

“Ni kweli, baba watoto, wala sikatai,” ajibu mke. “Lakini nakaribia kujifungua. Mama yako haoni tena, ni wa kushikwa mkono. Huyu wetu wa tatu jana tu ametoka katika homa. Ukiondoka alfajiri na kurudi usiku, nani atakayechota maji? Na ikinipata saa ya uchungu usiku, nani atakayenipeleka?”

Mume anyamaza kitambo. Kesho yake anamwendea kaka yake mkubwa, kisha katekista. Mwishowe anakataa kazi ile, abaki na chaki yake na jembe lake.

Hatutawadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilimwendea vizuri. Deni lililipwa polepole, kwa maharagwe ya misimu mitatu na kwa mbuzi mmoja. Nyumba ilibaki na nyasi, na jirani yake akaezeka bati. Siku moja mke mwenyewe alizitazama bati zile zikimetameta, akaugua moyoni. Uchaguzi mwema hauondoi gharama.

Nyumba ya pili ni ya mjane, muuguzi wa kituo cha afya kijijini, mwenye watoto watatu. Malipo yake ni madogo, tena hayaji kila mwezi. Mtoto wake mkubwa amefukuzwa shule ya sekondari kwa kukosa ada. Naye anaitwa, kwa kuwa amesomea kazi ambayo wagonjwa wanaihitaji. Anamwendea mama yake mzazi.

“Mama,” amwambia, “nikikataa watoto hawatasoma. Tena wale wanaokufa ni watu wetu. Lakini nikienda, nitakuwa mbali nao.”

“Mwanangu,” ajibu mzee, “niachie watoto. Ila uniambie mwisho wa kazi hiyo ni lini, na uniahidi kwamba utakapokuwa na siku ya kupumzika utakuja hapa, hutakwenda sokoni.”

Basi anakwenda, baada ya kuchanjwa na kufundishwa kujikinga. Anajiwekea mpaka: mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Kila jioni anawapigia watoto simu, nao wanasali pamoja Salamu Maria moja. Ada imelipwa, wagonjwa wamehudumiwa. Lakini yeye naye alilipa gharama: kitinda mimba wake alikuwa amekwisha zoea kumwita bibi yake mama, na aliporudi ilichukua siku nyingi mtoto yule kumkubali tena.

Nani alichagua vema? Wote wawili. Mmoja alikataa, mwingine alikubali, na wote walimpendeza Mungu, kwa sababu kila mmoja alianza na watu aliokabidhiwa, ndipo akaitazama fedha. Mwalimu aliona kwamba nafasi yake nyumbani haina wa kuijaza. Mjane aliona kwamba hitaji la watoto ni la kweli, na kwamba yuko wa kuwashika. Lau wangebadilishana majibu bila kufikiri, huenda wote wawili wangekosea.

V. MIZANI YA MAMBO MANNE

Mtu anapoitwa kwenye kazi, na apime mambo manne.

La kwanza ni hitaji. Nyumba yahitaji nini kwa kweli? Chakula, dawa, nguo, ada, paa lisilovuja: hayo ni mahitaji. Simu mpya ili kumshinda jirani si hitaji. Kumbukeni mana jangwani: kila mtu aliagizwa aokote kadiri ya watu wa hema lake, na waliolimbika hata asubuhi kinyume cha agizo waliikuta imeoza. Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma hazitalipiwa ada, lakini sekondari yadai fedha. Basi hesabuni kwanza; mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni wajibu. Nani yuko nyumbani ambaye mimi tu ndimi wa kumtumikia? Mtoto mchanga, mke mja mzito, mzee kipofu, mgonjwa. Mengine mtu mwingine aweza kuyafanya kwa niaba yangu. Lakini hakuna mtu mwingine awezaye kuwa mume wa mke wangu wala baba wa watoto wangu. Wanaume wasikilize hapa. Malezi si kazi ya mama peke yake. Baba atumaye fedha tu, asiyejua mtoto wake yu darasa gani, hajatimiza amri ya nne.

La tatu ni dhamiri. Je, kazi hiyo yanidai dhambi? Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981, alipata nafasi nzuri katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie na kuliwa na watu. Alikataa. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa kijana wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri huko Roma. Yeye hakuikimbia kazi yake nzuri. Aliifanya kwa haki. Lakini alikuwa tayari kupoteza yote kuliko kumuuza jirani yake kwa fedha. Mshahara ambao sharti lake ni dhambi haufai hata kupimwa, urudishe.

La nne ni muda. Kazi hii ni ya siku ngapi? Riposte ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulipofika wengi walirudi mikono mitupu, kwa kuwa walikuwa wameishi kana kwamba haitakwisha. Utoto nao una mwisho. Miaka ambayo mtoto hukaa magotini pa mzazi ni michache, wala haingojei mtu amalize kutafuta. Kwa hiyo pimeni muda kwa muda: miezi hii ya mshahara, na miezi hii ya mtoto wangu.

VI. MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni tamaa. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia habari za tajiri aliyekusudia kuvunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Tajiri huyo hakusemwa kwamba aliiba. Kosa lake lilikuwa kujiwekea akiba mwenyewe tu, na kutokuwa na kitu mbele ya Mungu.

Kosa la pili ni uvivu unaojivika joho la utakatifu. Yuko mtu akataaye kazi ngumu na kusema, “Mimi naipenda jamaa yangu,” kumbe hupita siku nzima penye pombe, na mkewe analima peke yake. Huyo hana nafasi kwa jamaa wala mshahara. Kazi ya nusu siku ni njema ikiwa nusu ya pili ni ya nyumba.

Tena msiwahukumu wenzenu. Katika wilaya ya Beni mauaji yaliyoanza mwezi wa Oktoba 2014 yamewafukuza wengi kutoka mashambani mwao. Mtu asiyeweza kurudi shambani kwake, anayebeba mizigo mjini tangu alfajiri hata usiku, hakuchagua kuwa mbali na watoto wake. Huyo anastahili msaada wa jumuiya. Mama jirani akimwangalilia watoto, amefanya tendo kubwa la huruma.

VII. NENO KWA WENYE KUAJIRI

Labda mwasema: “Sisi ni watu wa kijiji, hatuajiri mtu.” Lakini wako kati yenu wenye kuwaita vibarua wakati wa kuvuna kahawa na kakao, na wengine wana msichana wa kazi nyumbani. Basi neno hili ni lenu pia.

Siku za Ebola, Beni na Butembo ziliona jambo zuri. Karibu na vituo vya matibabu vilifunguliwa vyumba vya kutunzia watoto wachanga, kwa msaada wa UNICEF. Waliowabeba watoto hao walikuwa watu waliougua wakapona, kwa maana miili yao ilikuwa imepata kinga. Mama aliyelazwa alijua kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa mtu, wala hakutupwa. Kama jambo hilo liliwezekana penye hofu kubwa namna ile, kwa nini lisiwezekane shambani na dukani? Mama anyonyeshaye aruhusiwe kunyonyesha. Kibarua alipwe jioni, arudi kabla ya giza. Msichana wa kazi apewe Dominika yake.

VIII. NAMNA YA KUKATA SHAURI

Kwanza, salini pamoja, mume na mke. Pili, hesabuni mahitaji kwa uwazi, pasiwe na fedha ya siri. Tatu, pimeni mambo manne tuliyoyataja. Nne, mwulizeni mzee mmoja mwenye busara. Tano, mkikubali kazi kubwa, wekeni mipaka: mwisho wake, nani atakaa na watoto, siku gani ni ya nyumba, saa gani ni ya sala. Anayewahudumia wagonjwa siku ya Dominika havunji amri; ila na atafute saa nyingine ya kumtukuza Mungu. Sita, mkikataa, kataeni kwa moyo mmoja, wala mmoja asimlaumu mwenziwe siku ya upungufu. Saba, baada ya miezi michache ketini tena, mpime upya.

MASWALI NA MAJIBU YA KUSHIKA

Swali: Kazi ni adhabu?
Jibu: Hapana. Mungu alimpa mtu kazi kabla ya dhambi. Uchovu ndio uliokuja kwa dhambi.

Swali: Ni dhambi kutafuta mshahara mkubwa?
Jibu: Si dhambi, ikiwa ni kwa haki, kwa hitaji la kweli, na bila kuuacha wajibu wetu.

Swali: Mwajiri anamwia mfanyakazi nini?
Jibu: Malipo ya haki yamtoshayo pamoja na jamaa yake, na nafasi ya kupumzika, ya kukaa na watu wake na ya kumwabudu Mungu.

Swali: Yetro alimfundisha Musa nini?
Jibu: Kwamba hata kazi ya Mungu sharti iwe na kiasi, na kwamba mzigo mzito hugawanywa.

Swali: Tupime nini tunapochagua kazi?
Jibu: Hitaji, wajibu, dhamiri na muda.

AZIMIO LA JUMA HILI

Jioni moja ya juma hili kila mkatekumeni akae na watu wa nyumbani mwake. Awaulize watoto, hata walio wadogo: “Kazi yangu inawapa nini? Na inawanyima nini?” Ayasikilize majibu bila kukasirika. Asiye na mke wala mume amwulize mama yake, au mdogo wake. Jibu moja alilete kwa katekista katika somo lijalo.

TUSALI

Mtakatifu Yozefu, wewe ulifanya kazi kwa mikono yako, ukawalisha Maria na Mtoto Yezu kwa jasho lako. Ulipoamriwa kwenda Misri uliiacha karakana yako usiku ule ule, kwa kuwa ulijua ni nani waliokabidhiwa kwako. Utuombee tupate kazi ya haki na chakula cha kutosha. Utuombee tusiwauze wenzetu kwa fedha, wala tusiwaache watoto wetu kwa ajili ya mali. Waangalie wale ambao vita vimewaondoa mashambani mwao, uwarudishe salama. Na siku ya jioni ya maisha yetu, utupokee pamoja na watu wetu wote katika nyumba ya Baba. Amina.